Kesi ya Sauti ya Maziwa

Teng-teng, krrr. Teng-teng, krrr. Ni upawa wa alumini juu ya kifuniko cha bidon, lile debe letu la maziwa. Kwanza mama anagonga mara mbili, haraka haraka, kisha anauburuta upawa kuzunguka ukingo wa kifuniko, taratibu, kama mtu anayemaliza kutia sahihi kwenye barua ya maana. Nimeisikia sauti hiyo tangu nikiwa mgongoni mwake. Hata leo mtu akiangusha kijiko jikoni, ninasimama kabla sijajua ninasimama kwa nini.

Mama anauza mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda, hapa Muhumba, Bukavu. Yanatoka Kalehe kwa boti. Mama anayapokea ufukweni asubuhi, anayaacha nyumbani siku mbili mpaka yashikamane, kisha tunapanda nayo kilima, yeye na bidon kichwani, mimi na beseni la vikombe na sukari. Kila tukifika penye mageti mengi, mama anaitua bidon chini na kugonga. Hasemi neno. Mama yangu hajui kupaza sauti. Mtu akimkanyaga sokoni, yeye ndiye anayeomba msamaha. Kwa hiyo upawa ndio uliokuwa mdomo wake, na mdomo huo ulikuwa na maneno mengi. Mageti yalifunguka upande huu na upande ule, mamans, akina mama wa nyumba hizo, wakatoka na sahani, na mimi nikawa nahesabu mageti na kuyageuza malori.

Ndiyo, malori. Shule niliiachia mwaka wa nne wa sekondari, lakini ndoto sikuziachia huko. Nilikuwa na kiwanda chote kichwani, na malori matatu meupe yenye picha ya ng'ombe niliyemchora mwenyewe. Nilimwonyesha mama picha hiyo. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa upendo, kisha akasema, "Imbwa yako inacheka muzuri."

Mambo yalianza Jumatatu moja. Maman mmoja alitoka getini kwake na sahani tupu, lakini hakuja kununua.

"Maman, ile maziwa yenu ya jana, mulikamua ng'ombe ao mulichota kwa mutaro?"

"Ya jana?" mama akauliza.

"Ya jana. Ilikuwa maji. Bwana yangu amelala chooni."

"Lakini jana ilikuwa siku ya Mungu. Hatukupita."

"Mulipita! Nilisikia na masikio yangu!" Na hapo hapo akagonga sahani yake na kidole, teng-teng, akaikwaruza na ukucha, krrr. Alikuwa hodari, siwezi kukataa.

Tungeweza kumcheka, lakini siku hiyo hiyo tulikuta geti la kijani limefungwa. Geti la kijani lilikuwa la muzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara kutoka Uvira. Alinunua kwetu kila siku tangu nilipokuwa mtoto, na avenue nzima, yaani mtaa wote, ilimtazama yeye. Akinunua, wananunua. Yeye ndiye aliyenisahihishia hesabu zangu za shule akiwa amesimama pale getini na kikombe mkononi. Mama aligonga. Hakutoka. Akagonga tena.

"Nendeni zenu," sauti ikasema kutoka ndani. "Siku nzima jana tumbo langu lilikuwa linapiga ngoma."

"Muzee, si sisi," nikasema.

"Binti yangu, mimi ni mzee wa miguu tu. Masikio hayajazeeka. Nilisikia, nikatoka na bakuli, nikachukua kwa mtu aliyefunika uso kwa sababu ya mvua. Ni nyinyi."

Wiki hiyo mageti mengine manne yakafungwa. Mama hakulalamikia chochote, alirudia neno moja tu kila tulipokuwa tunateremka na bidon bado nzito: "Nataka tu muzee ajue haikukuwa yetu. Basi." Halafu anasonya kidogo, na mama yangu hasonyi.

Jumapili iliyofuata, tukitoka misa ya kwanza, tuliisikia. Teng-teng, krrr, nyuma ya kona. Mama aliangalia mkono wake kama kwamba umetoroka nyumbani bila ruhusa. Tulikimbia, na sketi zetu za misa. Hapo kwenye kona alikuwa amesimama maman mmoja mrefu, kijana kuliko mama, na bidon ya alumini miguuni na upawa mkononi, anatabasamu kwa meno yote.

"Maman! Habari ya misa? Mutakunywa maziwa?"

Nilimwachia mama nafasi ya kusema. Nilijua maneno yamemjaa hadi shingoni. Akafungua mdomo. Akasema, "Aksanti, mama. Tupe kikombe kimoja." Na akanunua! Tulirudi nyumbani tumebeba maziwa ya adui. Tuliyaonja mezani: yalikuwa mepesi, na yalikuwa na ladha ya ndoo.

Ndipo nilipokwenda kwa binamu yangu. Binamu yangu alikuwa mwaka wa pili wa sheria, na tangu wiki yake ya kwanza chuoni familia nzima inamwita Maître, kama anavyoitwa wakili. Alikuja nyumbani na koti la baba yake na farde ya karatasi chini ya kwapa, akaketi, akatusikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua yaling'aa.

"Muko na kesi," akasema. "Hii njo inaitwa marke, alama ya biashara. Watu wanazani marke ni picha tu, ao jina. Hapana. Hata sauti inaweza kuwa marke. Mutu akichukua marke yako anawadanganya bakliya wako, wenye kukununulia, na kosa zake zinaandikwa kwa jina lako."

"Njo vile vile!" nikapiga kelele. "Njo vile imetufikia!"

"Na tukishinda?" mama akauliza.

"Atakatazwa kugonga."

"Hata kama anafukuza kuku?"

Maître alifikiri. "Kwa kuku," akasema, "tutaona."

Alitoa kwenye farde mfano wa fomu ya kuandikisha alama, fotokopi iliyopauka. Katikati kulikuwa na mraba mtupu, na juu yake maandishi kwamba alama ibandikwe humo. Sote watatu tuliinama juu ya ule mraba. Sauti inabandikwaje? Nilijaribu kuchora kifuniko na upawa, na mistari midogo inayotoka kuonyesha kelele. Mama akasema jua limeangukia kikaango. Basi Maître akachukua kalamu na kuandika kwa herufi kubwa: TENG-TENG, KRRR. Kisha akasimama, akavuta koti, akalisoma kama anavyosoma wakili mbele ya jaji. Alipofika kwenye krrr ilimkaba kooni, akakohoa mpaka machozi, na mama akamkimbilia na maji.

Kuandikisha kwenyewe, akatuambia alipopumua, ni jambo la ofisi, la safari na la kungoja. Kwa sasa kesi yetu tuipeleke shirika. Shirika ndiyo ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenue yetu. Inakutana kila wiki uani kwa mtu kusali, na baada ya sala inatengeneza magomvi: kuku waliovuka, ukuta uliosogea, ndoa zinazopiga kelele. Maman mrefu naye alikuwa amejiunga nayo karibuni. Mama hakutaka.

"Muache tu. Ni aibu."

"Mama, na muzee wa geti ya kijani?"

Akanyamaza. Nilichukua kimya chake kuwa ndiyo. Leo najua kilikuwa kimya tu.

Kiongozi wa shirika letu ni papa mshonaji, baba ambaye hata akisali utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Alisikiliza hotuba ya Maître, ndefu, yenye "mheshimiwa" nyingi ambazo hakuna aliyejua zinamwendea nani. Halafu akasema, "Maneno ni mingi. Tupime."

Akatandaza kitenge juu ya kamba ya nguo. Mama na maman mrefu wakaenda nyuma yake, kila mmoja na bidon yake. Mbele wakaketi mamans watatu, wateja wetu wa zamani kabisa. Kazi yao ilikuwa moja: wasikilize, waseme ni nani anagonga. Maître alinikonyeza. Wateja hawa walikuwa wamesikia mkono wa mama miaka na miaka. Kesi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza.

Teng-teng, krrr.

"Huyu ni mama!" wote watatu wakasema kwa pamoja. "Huyu ni yeye mwenyewe, sikia namna anavuta!"

Teng-teng, krrr, ikasikika ya pili.

"Ah, huyu anajaribu," mmoja akasema. "Anajaribu, masikini, lakini mukono haiko ndani."

Kitenge kikafunguliwa. Aliyegonga wa pili alikuwa mama. Alisimama pale na upawa wake, anatazama chini.

"Ni miye," akasema kwa sauti ndogo.

"Pole, maman," wakasema wale watatu, wakalegea kwenye viti.

Watu walicheka hadi papa mshonaji akapiga makofi kuwatuliza. Maître hakukata tamaa; alinyoosha koti na kumgeukia yule mteja wa katikati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Maman, uniambie mbele ya wote. Ukisikia sauti hii, unafikiri nani?"

"Nani? Nafikiri maziwa."

"Ndiyo, lakini maziwa ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Hapo hata mama alicheka, na mimi nikatamani ardhi ifunguke, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Maître. Na kabla hajapata swali jingine, mlango wa ua ukasukumwa. Waliingia majirani watano, sita, wanawake wenye sahani, msichana mwenye sufuria, papa mmoja mwenye taulo kiunoni na kikombe cha plastiki mkononi. Walikuwa wamesikia kugonga huko nje.

"Maziwa iko wapi?"

"Hapa ni shirika," papa mshonaji akasema. "Bidon ziko tupu. Tunahukumu."

"Sasa juu ya nini munagonga?" akauliza papa wa taulo, amekasirika kweli. "Mutu anagonga maziwa na maziwa haiko! Huo ni uongo!"

Maître aliifunga farde yake polepole. Hakuwa mjinga binamu yangu. Aliniinamia sikioni akasema, "Njo mwisho wetu. Marke ikiisha kuwa jina ya kintu chenyewe, haiko tena ya mutu."

Maman mrefu akaomba kusema. Alikuwa anatetemeka, na nilishangaa, kwa maana nilikuwa nimempangia moyo wa jiwe.

"Papa, miye nilipofika hapa nilikuwa napita nikiita na mudomo. Maziwa, maziwa! Hakuna mutu alitoka. Mama mumoja akaniambia: wewe unasema nini? Hapa maziwa inagongwa. Akanionyesha na kijiko juu ya ndoo yake, akanirudilisha mpaka nikajua. Nilizani njo vile maziwa inaitwa Bukavu. Sikujua iko na mwenyewe."

"Mama gani alikufundisha?" papa mshonaji akauliza.

Halafu yule mteja mnene wa katikati akainua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika.

"Ni miye. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na hamu ya maziwa."

Papa mshonaji alishika utepe wake kwa mikono miwili na kuuvuta, ndivyo anavyofikiri. Kisha akahukumu. Sauti hiyo, akasema, hawezi kuikata vipande viwili kama kitambaa. Kila mtu aliyeko hapa akiisikia anabeba sahani. Mama ndiye aliyeianzisha, na shirika linamshukuru, lakini hawezi kumkataza mwingine. Kila muuzaji atafute kitu chake cha kuongeza, wimbo, kitambaa, anachotaka. Amina.

Mama ndiye aliyenishangaza. Aliinuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia anasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

"Sauti abaki nayo. Lakini maji."

"Maji gani?" akauliza maman mrefu.

"Iko maji ndani ya maziwa yako, mama."

"Ah, ile! Ile ni kidogo. Nikimaliza bidon naiosha na maji ya ndoo, na maziwa iliyobakia kwa ukuta naona huruma kuimwaga. Naweka ndani ya bidon ingine."

Uani kote mikono ilikwenda kwenye matumbo.

"Siku ile mulikunywa kikombe yangu," akamwambia mama, macho yamejaa. "Juu ya nini hamukuniambia?"

"Sikutaka kukuchokoza."

Walikumbatiana. Mama akamweleza kuhusu maji ya moto na siku mbili za kungoja, na mimi nikabaki na beseni langu nikiwaza kile nilichofanya. Kabla ya kesi, wagongaji walikuwa wawili. Baada ya hukumu, kila mtu alijua kugonga ni bure. Haikupita hata wiki mbili alitokea wa tatu upande wa chini, na wa nne akawa anagonga kuuza mayai. Nilikuwa nimeichukua sauti ya mama nyumbani, nikaipeleka mbele ya watu, nikairudisha ya wote. Mama hakunisemesha lolote juu ya hilo. Afadhali angenisema.

Maman mrefu, kwa moyo wake mwema, alijitolea kwenda mwenyewe kwenye geti la kijani, kwa maana muzee si mtu wa shirika, kuungama kwamba maziwa ya siku ile yalikuwa yake. Nilimsindikiza mpaka kona. Alikuwa ameyakariri maneno vizuri. Akafika getini, akavuta pumzi, na kwa mazoea, masikini, akaitua bidon akagonga. Teng-teng, krrr.

"Ondokeni na sumu yenu!" muzee akanguruma kutoka ndani, na tukasikia kitu, nadhani kiatu, kikigonga bati kwa ndani.

Alirudi anakimbia, bidon inamruka kichwani. Tulijificha nyuma ya ukuta na tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini usiku kitandani neno lile lilinirudia. Sumu. Mama asilisikie neno hilo. Sikumwambia, na maman mrefu nilimwapisha asimwambie.

Asubuhi iliyofuata mama alipoteremka ufukweni kungoja boti, nilichota kwenye bidon iliyokuwa tayari nikajaza chupa ndogo. Nilichukua kikombe kimoja. Upawa niliuacha umening'inia ukutani. Nilipanda peke yangu, kwenye tope, bila beseni, na nilijihisi mwepesi kama niliyesahau kuvaa kitu.

Geti la kijani halifiki chini kabisa. Chini yake kuna nafasi ya kiganja, na kwenye nafasi hiyo niliziona ndala zake, zimesimama. Alikuwa pale pale nyuma ya bati, labda anafagia, labda anasikiliza nani anapita.

"Muzee, shikamoo. Ni miye, wa hesabu."

Ndala hazikujibu. Ya kushoto tu iligeuka kidogo upande wangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye marke ndani yake, na kitenge, na mama mnene wa Jumapili. Haikutoka hata neno moja. Kwetu hapa mtu akikuletea kinywaji anakunywa yeye kwanza mbele ya macho yako, na hakuna anayeuliza kwa nini, kila mtu anajua ni kuonyesha hakina sumu. Nilipiga magoti kwenye changarawe ili kikombe kifike chini, pale ambapo kingeonekana. Nikamimina mpaka kikajaa. Yalitoka polepole, kwa mabonge, yale ya siku mbili kamili. Nikayanywa yote, bila kupumua, na mengine yakanipitia kidevuni hadi kwenye blauzi.

Ndala zilikuwa bado pale.

Nikajaza kikombe cha pili, nikanywa na hicho.